Susi na Chuma walipoambiwa "zikeni hapa hapa": kisa kimoja cha ushujaa

Mwanafunzi wa kidato cha tatu aliniuliza swali chini ya mnara wa misheni hapa Bagamoyo, na tangu siku hiyo sijapumzika nalo. Tulikuwa tumetoka kuangalia makaburi ya mapadri, jua limeshakuwa kali, wenzake wanapigana picha. Nilikuwa nimemaliza kuwaeleza kwamba katika mnara huu, usiku mmoja wa Februari 1874, ulilazwa mwili wa David Livingstone, mmisionari na msafiri wa Kiskoti, baada ya kubebwa kwa miguu na wapagazi wake, wakiongozwa na Susi na Chuma, miezi ipatayo tisa kutoka nchi ambayo leo ni Zambia. Binti akanyoosha mkono.

"Samahani, mwalimu. Umesema wapagazi hawa ni mashujaa. Lakini walibeba maiti. Maiti haiokolewi. Na wengine wakafa njiani kwa ajili yake. Sasa hapo ushujaa uko wapi?"

Nilimjibu haraka haraka, mambo ya uaminifu na uvumilivu. Akaitikia kwa adabu, "Sawa, mwalimu," na usoni nikaona jibu halikumtosha. Hata mimi halikunitosha. Ninayoandika hapa ni deni langu kwake.

Kwetu pwani neno shujaa lina sura yake. Ni Abushiri bin Salim, aliyewainukia Wajerumani mwaka 1888 na kunyongwa Pangani Desemba 1889. Ni Bwana Heri wa Saadani. Ni mtu mwenye silaha mkononi na adui mbele ya macho yake. Mpagazi hayumo katika sura hiyo. Mpagazi tunamkumbuka kwa bega lake: frasila mbili za pembe za ndovu au vitambaa, safari ya miezi, kisha ufuko wa Bagamoyo, atue mzigo. Na mji huu ulijaa watu wa namna hiyo, maelfu kwa maelfu kila msimu, wala hakuna aliyekaa kuwaandika majina. Ndiyo maana kisa hiki kina thamani. Hawa wachache tunayajua majina yao, na tunajua walichoambiwa, na tunajua walichojibu.

Livingstone alifariki mwanzoni mwa Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, kusini mwa ziwa Bangweulu. Msafara wake ulikuwa na watu zaidi ya sitini, wanaume, wanawake na watoto, na haukuwa wa kabila moja wala dini moja. Abdullah Susi alikuwa mtu wa Shupanga, kando ya mto Zambezi. James Chuma alikuwa Myao. Mwaka 1861, Chuma akiwa bado kijana mdogo, Livingstone na wamisionari aliofuatana nao walimtoa katika msafara wa watumwa. Wote wawili walivuka bahari hadi Bombay mwaka 1864, wakarudi na Livingstone Afrika mwaka 1866. Jacob Wainwright na wenzake kadhaa walikuwa wamesomeshwa Nasik, India, shuleni kwa watoto waliookolewa kutoka kwenye majahazi ya watumwa. Akina Manua Sera na Chowpere walikuwa wamekuja kwa kundi lililotumwa na mwandishi wa habari Henry Morton Stanley kutoka Unguja mwaka 1872. Mpishi alikuwa Halima. Watu hawa hawakuwa na ukoo mmoja. Kilichowaunganisha ni ajira na njia.

Bwana alipofariki, jambo la kwanza lililowaingia lilikuwa hofu. Naliandika hili wazi kwa sababu wanaopenda kuwasifu huliruka. Waliogopa kwamba mgeni akifia katika nchi ya mtu, wenye nchi watadai faini kubwa, na mali yote ya msafara ingeishia hapo. Wakamficha Chitambo. Chitambo akajua siku ile ile. Akaja, akawaambia kwa upole kwamba walikosea kumficha, wasiogope tena, maana naye alishasafiri na pwani alishafika zaidi ya mara moja. Kisha akawapa ushauri wa mtu mzima mwenye huruma: mzikeni hapa, hamtaweza kumbeba mpaka huko.

Wakakataa. Hapo walikuwa wameshakaa shauri, na wenzao wamewaambia Susi na Chuma kwamba wao ndio waliozoea safari na taabu zake, basi wawe wakuu na wengine watawatii. Farijala, aliyewahi kumtumikia daktari Unguja, akaupasua mwili. Moyo na matumbo vikawekwa katika kopo la bati na kuzikwa chini ya mti, Wainwright akasoma sala ya maziko. Mwili ukatiwa chumvi, ukaanikwa juani siku kumi na nne, unageuzwa kila siku ukauke sawasawa. Halafu ukaviringishwa kwa kitambaa, ukatiwa ndani ya gome la mti, ukashonewa nguo nzito ya tanga la chombo. Wainwright akachonga maneno kwenye mti ule: jina la Livingstone, tarehe, na majina ya watu watatu wa msafara. Jina la Susi halimo, la Chuma halimo. Yaliyochongwa ni ya wengine. Tunapotaja wawili tu, kama vitabu vingi vinavyofanya, tunakuwa tumeusahau hata mti.

Njiani, siku chache tu za mwanzo, nusu ya msafara ikaanguka kwa ugonjwa. Walilala mahali pamoja kama mwezi mzima. Wanawake wawili wakafariki, na Susi mwenyewe alidhaniwa haponi. Mbele zaidi, kwenye mji wa Chawende, wenyeji walikataa kuwapokea. Ugomvi ukageuka vita, watu wa msafara wakauteka mji na kujilia chakula chake, na wenyeji waliuawa. Hili nalo naliandika wazi. Mwanafunzi wangu akija kulisoma kwa mwingine atasema nilimdanganya. Sioni namna ya kuliita ushujaa. Waliouawa Chawende walikuwa watu walioona kundi la wageni wenye bunduki linasogelea boma lao, na hofu yao ilikuwa na sababu yote katika miaka ile ya biashara ya watumwa.

Sasa nifike penyewe, ambapo kwa maoni yangu kisa hiki kina uzito wake wote. Ni Kwihara, karibu na Tabora, Oktoba 1873.

Msafara ulisikia njiani kwamba kuna Waingereza wamefika Unyanyembe, nchi yenye Tabora na Kwihara, wakimtafuta Livingstone. Walidhani mwanawe yumo. Wainwright akamwandikia barua, Chuma akatangulia nayo. Barua hiyo inaniuma kila nikiifikiria. Inasema kwamba baba yako amefariki kwa maradhi ng'ambo ya nchi ya Wabisa, lakini mwili wake tumeubeba. Watu wetu kumi wamepotea na wengine wamekufa. Njaa inatubana, tunaomba nguo tununulie chakula. Basi. Hawakujisifu hata kwa neno moja.

Aliyeipokea hakuwa mwana wa marehemu. Alikuwa Luteni Verney Lovett Cameron, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, kiongozi wa msafara uliotumwa kumsaidia Livingstone. Mwenyewe alikuwa hoi kwa homa na macho yanamuuma karibu haoni. Alipowapokea na kusikia habari yote, akawauliza kama isingekuwa heri kuuzika mwili hapo hapo Unyanyembe kuliko kuubeba kuuvusha Ugogo, ambako mizigo ya kawaida tu ilikuwa na hongo, yaani ushuru wa kupita, na shida zake, sembuse maiti.

Ushauri huo haukuwa wa kijinga. Cameron hakuwa mtu mbaya, na hatari aliyoitaja ilikuwa ya kweli. Susi na Chuma na wenzao wakasikiliza, wakasema hapana. Watampeleka pwani.

Hapa ndipo ninapomwomba mwanafunzi wangu atulie nami. Mpaka siku ile, mtu mwenye shaka angeweza kueleza kila walichofanya kwa hesabu ya kujilinda. Mwaka 1866 Musa, mtu wa Nzwani, na wenzake walimtoroka Livingstone wakarudi Unguja wakisema ameuawa. Mwaka uliofuata msafara wa kuchunguza habari hiyo ukagundua ni uongo mtupu. Kwa hiyo kila mpagazi aliyerudi bila kiongozi wake Mzungu alijua ataangaliwa kwa jicho gani. Ukirudi mikono mitupu, utaulizwa: mmemuua? mmemtupa? mshahara wa nini? Mwili ulikuwa ushahidi. Ukiwa na mwili, na mabuku yake ya maandishi, na orodha ya mali yake ambayo Wainwright aliiandika, hakuna wa kukusingizia. Sina haja ya kuikana hoja hiyo. Naamini ilikuwamo vichwani mwao, na mtu mwenye akili asingeiacha.

Lakini Kwihara hoja hiyo ilikwisha. Ofisa wa Uingereza alikuwa mbele yao. Alikuwa ameshasikia habari kwa vinywa vyao, mwili upo, vitu vya marehemu vipo. Angeweza kuandika barua moja kwa konseli (balozi mdogo) wa Uingereza aliyekuwa Unguja na wangetoka wakiwa safi. Ushauri wa kuzika ulitoka kwake, kwa hiyo hata lawama ingekuwa yake. Kama walitaka kujilinda, Kwihara walishalindwa. Kama walitaka ruhusa ya kutua mzigo, ruhusa ilikuja yenyewe, tena kwa heshima, kutoka kwa mtu mwenye cheo wa taifa la marehemu mwenyewe. Kila sababu ya nje ilikuwa imeondolewa, na wao wakabeba.

Ndipo nasema ushujaa wa kisa hiki uko katika neno lile hapana. Kukabili simba au bunduki ni jambo kubwa, ila mara nyingi hatari inakuja yenyewe na mtu hana nafasi ya kuchagua. Kwihara waliwekewa mlango ulio wazi. Walikuwa na njaa, wameshazika wenzao, na kila mmoja anajua Ugogo ni nini. Fikiria pia nani anamwambia nani. Mwaka 1873, mpagazi anamwambia ofisa wa jeshi la Malkia kwamba shauri lako tumelisikia, hatulifuati. Hakukuwa na bwana nyuma yao wa kuwatuma. Aliyewaajiri alikuwa amekauka ndani ya gome la mti.

Kwa sababu hiyo nina ugomvi na neno waaminifu. Shirika la Kijiografia la Kifalme la London liliwatengenezea nishani, na maneno yake ni "waaminifu hadi mwisho". Waliyaandika kwa nia njema. Ila neno hilo, likisemwa na mwajiri, humfanya mtu kuwa mkono wa mwingine: bwana anataka, mtumishi anatimiza. Livingstone hakuwaagiza wampeleke Uingereza. Tena mwaka 1868 aliandika katika shajara yake, baada ya kuona kaburi porini, kwamba kaburi kama lile ndilo angelipenda, ndani ya msitu uliotulia kimya pasipo mkono wa kuisumbua mifupa yake. Mkewe Mary alikuwa amezikwa Shupanga, nchi ya kwao Susi. Kwa hiyo tukisema walitimiza matakwa ya bwana wao, tunakosea hata habari yenyewe. Waliamua wao.

Waliamua kwa kanuni gani? Mimi naliona neno moja la kwetu ambalo Waingereza hawakuwa nalo karibu, nalo ni amana. Kitu kilichoachwa mikononi mwako na asiyeweza tena kukidai. Kila mtu wa pwani, Mwislamu au Mkristo, alilelewa na uzito wa neno hilo: mali ya yatima, mkufu wa jirani aliyesafiri, fedha ya marehemu. Amana haipimwi kwa ukubwa wa faida yake, na mwenye kuishika haachiliwi na mtu wa pembeni anayemwambia kwa huruma "wewe umeshajitahidi, inatosha". Cameron, pamoja na cheo chake, alikuwa mtu wa pembeni. Ndugu wa marehemu walikuwa ng'ambo. Sisemi kwamba Susi alilitamka neno hilo Kwihara. Nasema hapana yao inasomeka hivyo kwangu, mtu niliyekulia hapa.

Cameron alizifungua sanduku za Livingstone na kuchukua vyombo vingi vya kupimia, avitumie katika safari yake mwenyewe ya kuelekea magharibi. Hawakufurahi. Wakaendelea.

Maofisa wawili wa Cameron, Dillon na Murphy, walirudi pwani pamoja nao. Dillon, aliyekuwa mgonjwa sana, alijipiga risasi wakiwa Kasekera. Na hapo hapo Kasekera habari ikawa imeenea kwamba msafara huu una maiti, na wenyeji hawakutaka ipite. Wangeweza kupigana tena kama Chawende. Safari hii walitumia akili. Waliutoa mwili ndani ya gome, wakaufunga upya uonekane mtumba wa vitambaa kama mitumba mingine. Kisha wakakusanya mabua, wakayafunga kwa urefu na umbo la maiti, wakayavika nguo, na watu sita wakabeba bandia ile kwa huzuni kurudi njia ya Unyanyembe, kana kwamba wanakwenda kuzika. Usiku ulipoingia, wakiwa mbali porini, wakayatawanya mabua na kurudi kwa wenzao mmoja mmoja gizani.

Napenda kuwafundisha wanafunzi sehemu hii kuliko zote, na si kwa ajili ya ujanja wake tu. Hakuna aliyekufa. Naona kama watu wale walikuwa wamejifunza kitu kati ya Chawende na Kasekera, ingawa hakuna aliyeandika kwamba walikaa wakalizungumza.

Kuna jambo jingine la kipande hicho cha njia. Binti mdogo wa msafara, anatembea katika mstari na mtungi wa maji kichwani, aliumwa na nyoka mkubwa aliyekatiza njia. Walimbeba, wakajaribu walivyojua. Dakika hazikufika kumi akakata roho.

Februari 1874 wakateremka Bagamoyo. Mapadri wakaupokea mwili mnarani. Kapteni Prideaux, aliyekaimu ukonseli Unguja, akaja, na mwili ukachukuliwa kwa manowari iitwayo Vulture. Watu wa msafara walilipwa ujira wao na kuachwa ufukoni. Katika wote, Jacob Wainwright peke yake ndiye aliyesafiri na jeneza, na gharama yake ililipwa na jumuiya ya kimisionari. Tarehe 18 Aprili 1874 alikuwa miongoni mwa washika jeneza Westminster Abbey. Kabla ya hapo daktari wa upasuaji aliutambua mwili kwa mfupa wa mkono wa kushoto uliovunjwa na simba miaka mingi nyuma. Susi na Chuma walifika Uingereza baada ya maziko, kwa hisani ya James Young, rafiki wa marehemu, na wakakaa na Horace Waller kumsaidia kuzipanga shajara za mwisho. Mengi tunayoyajua juu ya miezi ile tisa yametoka vinywani mwao. Nishani zilipokuwa tayari, wengi wa waliostahili walikuwa wameshatawanyika katika misafara mingine, wamebeba mizigo mingine. Chuma alifariki Unguja mwaka 1882. Susi alifuatana na Stanley Kongo, akabatizwa mwaka 1886 akaitwa David, akafariki Unguja mwaka 1891. Mnara wetu unaitwa Mnara wa Livingstone.

Pwani tuna methali, kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Watu huisema kuwakanya vijana wasijitie katika hatari. Nikiiweka juu ya kisa hiki naona inasema zaidi ya hapo. Inasema kilio kinakwenda nyumbani kwa shujaa, na nyumbani kwa shujaa wamo wengine. Hapana ya Kwihara ilisemwa na watu wazima waliojua uzito wake, nami nawaheshimu kwa moyo wangu wote. Gharama yake ililipwa na msafara mzima.

Wiki iliyofuata nilimsimulia mwanafunzi wangu haya yote darasani, kwa utulivu, bila kuruka Chawende. Nilipofika Kwihara nilimwona anaandika. Nilipomaliza nikamuuliza kama sasa ameuona ushujaa ulipo.

"Nimeuona, mwalimu. Walipokataa." Akafunga daftari, kisha akalifungua tena. "Lakini yule mtoto wa mtungi, yeye alikuwa kwenye shauri?"

"Hapana," nikamwambia. "Hakuwepo."

"Ahaa," akasema, na akaliandika hilo pia.